Kuumba na Kuumbua

Utamaduni wa taifa hauishi katika ngoma, mavazi na majengo ya kale peke yake. Huishi pia katika ulimi. Namna watu wanavyoamkiana, wanavyoitana na wanavyochekana ni sehemu ya utamaduni wao, kama ilivyo ngoma ya msewe kwa Mpemba. Kwa hiyo mwenye nia ya kuutetea utamaduni wetu hana budi kuuchunguza ulimi wake kabla hajakwenda kuchunguza mavazi ya jirani. Katika insha hii nataka kuupinga ugonjwa mmoja wa ulimi wetu, nao ni kulicheka umbile la mtu. Nitaanza kwa kisa ambacho mimi mwenyewe simo katika upande wa wenye haki.

Fundo ni kisiwa kidogo kilicho magharibi ya Pemba, mkabala na mji wa Wete. Wakaazi wake huishi kwa bahari, na atakaye kwenda Wete, awe mgonjwa, mchuuzi wa samaki au mwanafunzi, hana njia ila hiyo hiyo bahari. Siku moja nilikuwa nikirudi kutoka huko baada ya kumaliza kazi ya serikali. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwanamke kijana, mnene, aliyechukua kikapu cha pweza waliokaushwa. Alipotia mguu chomboni, bwana mmoja akapaza sauti: "Nahodha, shehena hii umeitoza nauli ya watu wangapi?" Chombo kizima kikacheka. Nami nilicheka. Yule mwanamke pia alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha midomo tu. Macho yake aliyainamisha kikapuni.

Nahodha, mzee mwenye mvi, hakucheka. Alisema: "Shehena haiamkiwi, bwana. Huyu nimemwamkia, naye kaitika." Kisha akatupanga, huyu huku na yule kule, kama apangavyo kila siku. Tulipofika katikati ya mkondo mashine ikazima, ikabidi litwekwe tanga. Upepo ulipozidi nguvu na chombo kikaanza kulala, nahodha alimwambia yule mwanamke kwa adabu: "Mwanangu, tusaidie, njoo ukae joshini." Kijana mmoja mwembamba akamtuma mlingotini kuinasua kamba iliyokwama. Hakumsifu huyu wala hakumkebehi yule. Uzito wa kila mmoja wetu aliujua kuliko sisi wenyewe, maana roho zetu zilikuwa juu ya hesabu yake. Lakini ujuzi ule hakuugeuza kuwa tusi.

Sikusimulia haya ili niseme kwamba mtu mnene aheshimiwe kwa kuwa siku moja uzito wake utatufaa baharini. Hata kama asingetufaa kwa lolote, heshima ilikuwa haki yake tangu alipotia mguu chomboni. Nimesimulia ili nioneshe kwamba yawezekana kuliona umbile la mtu, kulijua, na hata kulitaja pale linapohusika, bila ya kumdhalilisha mwenye nalo.

Lugha yetu imelijua jambo hili zamani. Kuumba ni kukipa kitu sura yake. Na kama vile kinyume cha kufunga ni kufungua, na kinyume cha kuziba ni kuzibua, ndivyo kuumba kunavyokabiliwa na kuumbua. Kuumbua, kila Mswahili ajua, ni kumwaibisha mtu mbele za watu. Waliotuachia neno hili waliona mbali. Waliona kwamba mwenye kumwaibisha mtu kwa sura yake anaikunjua kazi ya Muumba, naye hana uwezo wa kuumba hata ukucha.

Tazameni tena sarufi yetu, enyi walimu wa Kiswahili. Mtu yumo katika ngeli ya M-WA, pamoja na mzee, mtoto na mgeni. Twasema mtu huyu amekuja. Mwenye kejeli humtoa humo. Mfupi humfanya kijitu, mnene humfanya jitu au bonge, kisha humsemea kama asemavyo juu ya vitu: kijitu kile kimekuja, bonge lile limepita. Yule bwana wa chomboni alisema "shehena hii". Hakukosea sarufi, alikusudia. Ili aweze kumcheka binadamu, ilimlazimu kwanza amtoe katika ngeli ya watu. Na msamiati wa kazi hii tunao tele: tipwatipwa, kimbaumbau, ng'onda, ngongoti, andunje. Laiti tungekuwa na utajiri kama huo katika msamiati wa fizikia!

Watetezi wa tabia hii wana hoja tatu, nami nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba huu ni utani, na utani ni mila yetu. Ni kweli kwamba utani ni mila yetu, na kwa sababu hiyo sikubali jina lake lichafuliwe. Utani una wenyewe: babu na mjukuu, mashemeji, mabinamu, kabila na kabila. Una masharti yake: mtani hujibu, na jibu lake hupokewa bila ya chuki. Una deni lake: anayekutania leo ndiye atakayekuja kukuhudumia kesho utakapofikwa na msiba. Sasa niambieni, mwalimu anayemwita mwanafunzi wake "pipa" mbele ya darasa, utani huo amepewa na nani? Na mwanafunzi atamjibu vipi? Akikitaja kitambi cha mwalimu, ataitwa mtovu wa adabu na huenda akachapwa. Basi huo si utani. Mchezo ambao upande mmoja tu ndio ulioruhusiwa kupiga si mchezo tena, ni kipigo. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Na usaha huu hutumbuka mbali na macho yetu, kwa mtoto anayeanza kuukimbia mchezo wa mpira, akaliacha jukwaa la mashairi, na mwisho akaukwepa hata ubao kwa kuogopa kuwapa wenzake mgongo.

Hoja ya pili ni kwamba tunajuliana hali. "Umenenepa!" husema mmoja. "Mbona umekonda?" huuliza mwingine. Husemwa kwamba haya ni mapenzi. Naikubali hoja hii kwa upande wake wa zamani. Watu walioijua njaa walifurahi kumwona ndugu yao amenawiri, na mwari aliyewekwa ndani alilishwa vizuri ili siku yake itakapofika ionekane kwamba kwao kuna neema. Lakini kuusoma mwili wa mtu kama kitabu ni kusoma kwa kubahatisha, na jambo hili tulifunzwa kwa uchungu. UKIMWI ulipoingia Uganda katika miaka ya mwanzo ya 1980, watu waliuita Slim, neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Tanzania Bara wagonjwa wa mwanzo walijulikana mkoani Kagera mwaka 1983. Kwetu Zanzibar ilikuwa mwaka 1986. Tangu hapo kukonda kukawa ushahidi, na kila jirani akawa hakimu. Mwenye kifua kikuu, mwenye kisukari, mwenye huzuni ya kufiwa, na aliyerithi wembamba wake kwa babu yake, wote walikatiwa hukumu moja, wakanong'onezwa na kukimbiwa. Na wapo waliokuwa na virusi katika miili iliyojaa, wakaaminiwa kwa sababu ya minofu yao. Jicho letu liliwaonea hawa, likatuhadaa juu ya wale. Je, baada ya somo hilo bado twadai kwamba hali ya mtu huonekana mashavuni? Anayetaka kumjulia hali ndugu yake na amwulize hali yake, kisha asubiri jibu.

Hoja ya tatu ni ya watu wa kisasa. Husema: tunawacheka kwa faida ya afya zao. Sikatai kwamba unene uliopita kiasi huandamana na shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari. Utafiti wa afya ya jamii uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba kati ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi, na asilimia 10 walikuwa wembamba mno. Haya ni mambo ya kushughulikiwa. Lakini yashughulikiwe na nani, na wapi? Daktari humpima mtu faraghani, akamwuliza chakula chake, kazi yake na maradhi ya kwao, kisha akampa shauri. Mwenye kejeli hupima hadharani, haulizi kitu, na dawa hana. Hata kile kipimo mashuhuri cha kugawa kilo za mtu kwa mraba wa urefu wake kilianza na Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, mwaka 1832. Yeye alikuwa akitafuta wastani wa watu wengi, wala hakuwa akimtibu mtu mmoja. Madaktari wanaokitumia leo hukitumia pamoja na vipimo vingine. Basi ikiwa mwenye mizani na elimu yake hahukumu kwa namba moja, vipi mpita njia ahukumu kwa kutupa jicho?

Na wafupi je, nao twawacheka kwa faida ya afya zao? Utafiti ule ule ulionesha kwamba asilimia 34 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 30. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye urefu wake umebaki nyuma ya umri wake, kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya kila mara tangu tumboni mwa mamake na katika miaka yake ya mwanzo. Si kila mfupi alidumaa, kwani wengi ndivyo walivyozaliwa kuwa. Lakini katika nchi yenye hesabu kama hizo, anayemwita mwenzake andunje huenda anaicheka njaa ya mtoto mchanga. Wahenga walisema kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Ufupi si kilema, wala unene si kilema, wala wembamba. Ila onyo la wahenga linatosha kwa yote.

Hoja zote tatu, basi, zimeanguka. Limebaki swali la kipimo chenyewe, kwa sababu wachekaji wetu hawana hata kipimo kimoja wanachokubaliana. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kuzipiga vita nguo fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Nia ilikuwa kuulinda utamaduni wa taifa. Lakini tulizipiga marufuku nguo, hatukuipiga marufuku mizani. Mashindano ya kumchagua mrembo wa taifa, ambayo nayo yalikuwa yamezuiwa, yalirudi mwaka 1994, yakaja na kipimo cha msichana mrefu, mwembamba. Nyumbani shangazi yake humwambia msichana huyo huyo ale, ajaze mwili, asije akawatia watu aibu. Akienda sokoni atakuta dawa za kukondesha zimepangwa pamoja na dawa za kukuza makalio, na aghalabu mchuuzi ni mmoja. Mchuuzi huyo hana kasumba yoyote. Anajua tu kwamba msichana aliyefunzwa kuuchukia mwili wake atanunua, na akishanunua hii, kesho atanunua ile.

Tunaosoma historia ya bara letu twajua kicheko hiki kinaweza kufika wapi. Mwaka 1810 mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, Sara Baartman, alichukuliwa hadi London, na watu wakatoa kiingilio ili wayatazame makalio yake. Baadaye alipelekwa Paris, akafa huko mwaka 1815. Hata kifo hakikumpumzisha: mtaalamu Georges Cuvier aliupasua mwili wake, na mifupa yake ikawekwa katika jumba la makumbusho, watu wakaitazama hadi miaka ya 1970. Alirudishwa kwao mwaka 2002, akazikwa tarehe 9 Agosti mwaka huo. Sote twakasirika tunapokisoma kisa hiki, na ni haki yetu kukasirika. Lakini hebu tujiulize: wale waliokaa ukumbini London walikuwa wakifanya nini ambacho sisi hatukukifanya siku ile katika chombo cha Fundo? Tofauti iliyopo ni kwamba sisi hatukutozwa kiingilio.

Nasi washairi tusijitoe katika lawama hii. Mara ngapi tumemsifu mwanamke kwa shingo, tukaja kiunoni, tukashuka mguuni, mfano wa mchuuzi anayemsifu ng'ombe wake mnadani? Twadhani kwamba sifa haina madhara. Lakini kila tunapokisifia kiuno cha nyigu, msichana asiyekuwa nacho amekaa pale pale ukumbini akitusikiliza, na yeye ndiye tuliyemtukana bila ya kumtaja. Mizani ni ile ile, iwe imemwinua mtu au imemshusha.

Wala haitupasi kwenda mbali kutafuta mafunzo yaliyo bora. Mwanamke aliyeifikisha sauti ya Kiswahili cha Unguja kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, akawa mchuuzi wa vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Alipoanza kupata jina, wenye husuda walimtungia maneno ya kumkebehi kwa asili yake na umaskini wake, na kumkumbusha kwamba uzuri wa sura hakujaaliwa. Shaaban Robert ametuhifadhia habari zake katika wasifu aliomwandikia. Siti hakulia wala hakutukana. Aliwajibu kwa wimbo ambao maana yake ni kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si kitu, na kwamba mwenye hasara ni aliyekosa akili. Leo majina ya waliomcheka yanatajwa na nani?

Na sisi watu wa visiwani, ambao wengi wetu ni Waislamu, tuna funzo lililotangulia hilo kwa karne nyingi. Sura ya Hujurat, katika aya ya 11, imekataza watu kudharauliana na kubandikana majina mabaya. Tena imepokewa kwamba masahaba waliicheka miguu myembamba ya Ibn Mas'ud alipokuwa juu ya mti, na Mtume akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ya Siku ya Kiyama ni mizito kuliko mlima Uhud. Anayesema kwamba kulicheka umbile ni mila yetu na atuambie basi hayo tuliyofunzwa chuoni tangu utotoni ni mila ya nani.

Ndugu walimu, mengi katika jambo hili yamo mikononi mwenu. Mtoto hupewa jina lake la pili katika uwanja wa skuli, na mara nyingi jina hilo hudumu kuliko lile la cheti cha kuzaliwa. Nina mambo matatu ya kuwaomba. Kwanza, mwiteni mwanafunzi kwa jina alilopewa na wazee wake, na likizuka jina jingine la umbile darasani, msicheke. Kicheko cha mwalimu ni muhuri. Pili, mnapotunga au kuongoza michezo ya kuigiza, msimpe mnene kila mara nafasi ya mlafi, wala mfupi nafasi ya mjinga, wala mwembamba nafasi ya mgonjwa. Mnene naye apewe kuwa mfalme, na mfupi awe hakimu. Tatu, katika insha za wasifu, wafunzeni wanafunzi kumweleza mtu kwa kazi yake, maneno yake na mwenendo wake, kabla ya kumweleza kwa kiuno chake.

Nanyi wanafunzi, msidanganywe kwamba kunyamaza mtu anapochekwa ni kutokuwemo. Yule bwana wa chomboni alikuwa mmoja tu. Waliolikamilisha tusi lake ni sisi tuliocheka. Kama tungenyamaza, maneno yake yangeanguka baharini. Nahodha mmoja alitosha kuyajibu, na alitumia maneno machache tu, bila ya kumtukana yeyote. Kila mmoja wenu anaweza kufanya vivyo hivyo darasani, dahaliani na uwanjani.

Chombo kilipofika Wete kila mtu alishika njia yake. Yule mwanamke alijitwisha kikapu chake, akamwaga nahodha peke yake, akaenda zake. Sikumfuata kumwomba radhi, ingawa nilijua kwamba ni haki yake. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti moja, nalo ndilo ninalowaachia wasomaji wangu: kila nikutanapo na mtu namwamkia kwanza, kisha nasubiri aitike, ili ulimi wangu usije ukasahau kwamba anayesimama mbele yangu ni mtu.